Steringi Hafi

Kwenye kibanda umiza cha barabara ya 12, Ngamiani, Tanga, kulikuwa na sheria moja ambayo hata mwenye kibanda hakuthubutu kuigusa: steringi hafi. Kiingilio kilipanda kutoka shilingi 100 hadi 200, mabenchi mawili yakavunjika siku ya mechi na hayakurudishwa, televisheni ikabadilishwa, sheria ikabaki palepale. Steringi anaweza kupigwa risasi ya bega, anaweza kutupwa mtoni kafungwa kamba, anaweza kulazwa hospitali mashine ikalia mlio mmoja dakika nzima. Hafi. Anayekufa ni rafiki yake, tena yule mchekeshaji, na akishakufa ndipo steringi anapandwa na hasira za kummalizia adui. Mtoto wa darasa la tatu alilijua hilo. Ukimwona mtu analia kwa sababu steringi kaanguka, ujue huyo mgeni, kaja kumtembelea shangazi yake.

Ndiyo maana siku Michael Scofield, steringi wa tamthilia ya Kimarekani Prison Break, alipokufa, fundi baiskeli mmoja alisimama mbele ya deki akadai hela yake.

"Nirudishie mia mbili yangu. Steringi kafa, hii muvi gani?"

Mwenye kibanda, tuliyemwita Mjomba ingawa hakuwa mjomba wa yeyote mle ndani, alimjibu kwamba si yeye aliyeitunga. Jamaa hakuondoka. Mwisho akapewa andazi.

Naanza na hayo kwa sababu nataka kuizungumzia sizoni ya tano ya Prison Break, ile ya 2017 iliyomfufua huyo marehemu, na siwezi kuisema kama mtu aliyeikuta ukubwani. Nitataja nani kafa na nani kapona, kila kitu. Miaka imeshapita, kama hujaiona mpaka leo ni shauri yako.

Kwao Marekani ilianza kuonyeshwa na televisheni ya Fox tarehe 29 Agosti 2005. Kwetu ilifika baadaye kidogo ikiwa ndani ya sidii, sizoni nzima imebanwa humo, jalada lina maandishi ya Kichina na picha ya Michael iliyokatwa ovyo, sikio moja halipo. Mjomba alikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni akitafsiri kwa sauti ileile aliyonadia mitumba asubuhi. Mhandisi wa majengo anaibia benki makusudi ili afungwe Fox River, gereza ambalo kaka yake Lincoln anasubiri kiti cha umeme kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Ramani ya gereza kaichora mwilini, imefichwa ndani ya tatuu. "Kalivaa jengo," Mjomba alisema, na sijasikia muhtasari mzuri kuliko huo.

Kuna kile kipande cha skrubu. Michael anaifungua kutoka kwenye benchi la uwanjani, mfungwa mwenzake T-Bag anamwona, ugomvi unazuka, lakini hatimaye anabaki nayo na kuikalia usiku seloni, anaisugua sakafuni taratibu mpaka iingie kwenye nati iliyoshikilia choo ukutani. Kwenye muvi nyingine hilo lingechukua sekunde tatu na muziki juu. Hapa tunaisikia sakafu inavyokwaruza. Yule fundi baiskeli alimwambia Mjomba asimamishe picha, akainuka, akaenda mpaka kwenye kioo akaonyesha kwa kidole: "Hapo anatafuta pembe sita. Akizipata sawasawa inafunguka, asipozipata ataharibu kichwa cha nati na hatoki maisha." Tukamwangalia kama profesa. Kuanzia jioni hiyo hakulipa kiingilio kwa wiki moja.

Sizoni ile ina episodi 22, na ukuta wanauruka ya 21. Episodi 20 za kuchimba, kukadiria, kubambikiwa, kukosana, kuchimba tena. Na kwetu hiyo ya 21 ilikuwa na mkwaruzo. Waya umevutwa kutoka zahanati hadi ukutani, wafungwa wanapita mmoja mmoja, na picha ikaganda mtu akiwa anang'inia katikati. Mjomba aliifuta sidii kwa shati, akaifuta kwa dawa ya meno, akaipuliza. Haikusogea. Tulikaa siku mbili tukienda shule hatujui kama wametoka, mpaka alipopata nakala nyingine mtaa wa pili.

Sasa kifo chenyewe. Mwaka 2009, katika ile filamu ya kufungia iliyoitwa The Final Break, Sara, mke wa Michael, yuko gerezani Miami na ana mimba yake. Michael ana uvimbe kichwani, anajua siku zake si nyingi. Mlango wa mwisho hautafunguka mpaka umeme upigwe shoti, na wa kuupiga shoti lazima awe mtu, kwa mikono yake. Anamwambia Sara aende. Anaushika. Mlango unafunguka, Sara anapita. Basi. Hakuna hotuba ndefu. Ameacha mkanda wa video, Sara na Lincoln wanautazama wakiwa safarini, naye humo anaongea kwa utulivu wa mtu anayeacha maagizo ya ufunguo.

Nilikuwa na miaka 15 na nilitoka mle kibandani nimekasirika kuliko fundi. Ilinichukua muda kukubali kwamba nilikuwa nimeona mwisho mzuri. Mtu ambaye kwa sizoni nne aliweka akiba ya mpango ndani ya mpango, safari hii alikuwa na mpango mmoja na gharama yake ilikuwa yeye.

Kusema kweli tamthilia hii ilikuwa na tabia ya ufufuo tangu zamani. Sizoni ya tatu kichwa cha Sara kililetwa ndani ya boksi, Lincoln akakiona kwa macho yake, na sizoni ya nne Sara akatokea mzima, shingo ipo. Kellerman, yule mtu wa usalama wa serikali, tulimwacha ndani ya gari la wafungwa milio ya bunduki ikisikika. Naye akarudi kavaa suti. Lakini hao walikuwa wa pembeni. Aliyekufa kweli akabaki amekufa alikuwa Bellick, mkuu wa askari magereza wa Fox River, mla rushwa, mnene, mwoga, anayeishi na mama yake, tuliyemzomea kila alipotokea. Sizoni ya nne anaingia kwenye bomba la maji analiinua kwa mabega ili wenzake wapitishe lingine, na anajua maji yakifunguliwa yeye atakuwa ndani. Akabaki ndani. Kibanda kizima kilinyamaza, kisha mtu mmoja gizani akasema, "Duh, Bellick." Sijui kama kuna mwigizaji amewahi kupata tuzo kubwa kuliko hiyo duh.

Bellick nitamrudia.

Habari za ufufuo zilitangazwa Januari 2016. Wentworth Miller na Dominic Purcell, Michael na Lincoln wetu, walikuwa wamekutana tena kwenye tamthilia za mashujaa wa katuni wakiigiza wezi wawili, mmoja wa barafu na mmoja wa moto, na inaonekana kukaa pamoja kuliamsha hamu. Muasisi mwenyewe, Paul Scheuring, akarudi kalamuni. Sehemu ya picha ilipigwa Vancouver, nyingine Moroko, na huko Moroko chuma kilimwangukia Purcell kichwani, kikamvunja pua. Ya kwanza ikatoka 4 Aprili 2017, ya mwisho 30 Mei. Episodi tisa tu.

Mimi wakati huo nilikuwa Dar, Magomeni, nina kazi na bando. Nilikuwa napakua kila Jumatano usiku, maana usiku bando lilikuwa rahisi, halafu naangalia asubuhi nikisubiri mambo mengine. Hivyo ndivyo Ami alivyoingia kwenye habari hii.

Lakini kwanza kisa. T-Bag anaachiwa kutoka Fox River na mkononi anawekewa bahasha. Ndani ina picha ya Michael. Anampelekea Lincoln. Lincoln anakwenda makaburini, anachimba, anafungua jeneza, maiti haimo. Dakika chache baadaye tunajua Michael yuko Sana'a, Yemen, kwenye gereza linaloitwa Ogygia, kwa jina la Kaniel Outis, anajulikana kama gaidi. Lincoln na C-Note, mfungwa waliyetoroka naye Fox River, ambaye sasa ni Mwislamu, wanamfuata. Wanaletewa mfungwa kwenye wavu, Lincoln anaita jina, na mdogo wake anamwangalia usoni anasema hamjui.

Pale nilisisimka, nakiri. Mikono ikapata baridi.

Wapenzi wa hadithi za kale walishtukia mapema kwamba Scheuring alikuwa anaisimulia upya safari ya Odysseus, yule mfalme wa Kigiriki aliyechukua miaka kumi kurudi nyumbani kutoka vitani. Ogygia ni kisiwa alichozuiwa. Poseidon, mungu wa bahari aliyemwandama, ndiye jina la siri la adui wetu. Kuna mpiganaji wa jicho moja anaitwa Cyclops. Sara anaishi Ithaca, jimbo la New York. Na Outis kwa Kigiriki ni "hakuna mtu". Odysseus alimwambia lile jitu la jicho moja kwamba ndilo jina lake, halafu akalitoboa jicho, na majirani walipouliza nani kakuumiza likapiga kelele jina hilohilo. Mzaha huu kwa Kiswahili unakaa vizuri ajabu. Jina langu Hakuna. Nani anakuumiza? Hakuna! Basi kama hakuna, lala, usituamshe.

Tatizo ni kwamba utenzi ule umejengwa juu ya muda. Mtu amekaa mbali mpaka mtoto kaota ndevu, mbwa kazeeka, mke kafuma na kufumua. Episodi tisa hazina muda huo. Gereza lililokuwa nyumba yetu kwa jioni zisizohesabika, safari hii wanatoka kwenye ya nne. Ya nne! Na hata kutoka kwenyewe si kwa skrubu na kukwaruza sakafu. Mji unapigwa mabomu, askari wanakimbia, mambo yanaparaganyika na wao wanapita humohumo. Nilimtafuta fundi baiskeli akilini nione kama angeinuka kuonyesha chochote kwa kidole. Hakuinuka.

Ami alikuwa Mshihiri, mwenye duka la rejareja pale mtaani. Kila mtu alimwita Ami, hata watu waliomzidi umri. Nilikuwa nimeegemea kaunta yake nikisubiri anipimie mchele, simu imesimama kwenye kopo la pipi, Lincoln anapita mitaani.

"Hapo wapi, mwanangu?"

"Sana'a, Ami."

Akaacha mizani. Akaichukua simu, akaisogeza karibu na miwani, akaangalia kama dakika moja bila neno.

"Nani kakwambia hapa Sana'a?"

Yeye alizaliwa huku, baba yake ndiye aliyetoka Hadhramaut, huko Yemen, lakini Sana'a aliwahi kufika kabla ya vita. Akanieleza kwa kutumia ukuta wa duka lake. Nyumba za mji mkongwe zimekwenda juu, ghorofa tano, sita, tofali la kuchoma la rangi ya hudhurungi, na kila dirisha limezungushiwa jasi nyeupe, "kama mtu kachora na cherehani." Juu ya dirisha nusu duara ya vioo vya rangi, na jua likizama chumba kinakuwa chekundu na kijani. Hii, akasema akigusa kioo cha simu, udongo mtupu. Alikuwa sahihi. Ilikuwa Moroko.

Halafu akauliza, "Wanamkimbia nani?"

Nikamwambia kundi la IS linakaribia kuuteka mji. Ami akacheka kwa pua. IS walishalipua misikiti ya Sana'a, mwaka 2015, watu wengi walikufa, hilo alilijua. Lakini mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa Kihouthi tangu Septemba 2014, na mabomu kutoka angani tangu Machi 2015 yalikuwa ya muungano ulioongozwa na Saudia. Kwenye tamthilia Wahouthi ni kama hawapo. Vita halisi vimefutwa, kikabandikwa kingine ambacho mtazamaji wa Marekani alishakizoea kwenye taarifa ya habari.

"Na hawa wawili wameingiaje?"

"Kwa ndege."

"Ndege ya shirika gani?"

Nilidhani anatania. Binti wa dada yake ameolewa Sana'a, akaniambia, na mama mkwe wake ni mgonjwa wa figo. Walikuwa wanataka kumpeleka Cairo. Uwanja wa Sana'a ulifungwa kwa ndege za abiria tangu Agosti 2016. Walikuwa wanahesabu saa za barabara kwenda Aden, vituo vya ukaguzi, nani ana karatasi ya nani. Akanirudishia simu, akarudi kwenye mizani, akaongeza kiganja kimoja cha mchele juu ya kilo yangu kama alivyozoea.

Sikuweza tena kuiangalia sehemu ya Yemen kwa raha baada ya hapo. Kina Michael wanakata jangwa, wanafika kijiji cha wavuvi, wanapata boti, na tunawakuta Krete, ambako Sara anamtia Michael damu. Mimi nikawa nafikiria barabara ya Aden.

Huku Marekani, mambo yana nafuu na yana ubaya wake. Sara ameolewa na mhadhiri wa uchumi, Jacob, mpole, mwenye miwani, anayemlea Mike, mtoto wa Michael, kama wake. Jacob ndiye Poseidon. Ukiiona sura yake episodi ya kwanza umeshajua. Kibandani tungesema adui ni yule anayetabasamu bila kuambiwa kitu. Yeye ndiye aliyemtoa Michael gerezani Miami akiwa hai, akamwekea sharti: nifanyie kazi, ukikataa familia yako inaozea jela. Michael akakubali.

Na hapa ndipo ninapogombana na sizoni ya tano. Maiti ikirudi lazima ijieleze ilikuwa wapi, na maelezo haya yanakwenda nyuma yanachokonoa 2009. Yule aliyeshika umeme ili mkewe apite, sasa tunaambiwa alipona, akatia saini, akamwacha mkewe aomboleze kaburi tupu, akamwacha aolewe na mtu yuleyule aliyemteka. Alikuwa na sababu, ndiyo. Michael siku zote ana sababu. Lakini kifo kimegeuzwa mkataba wa kazi. Fundi alidai mia mbili yake, wakamrudishia, ila wamemrudishia kwa kuuza kitu kilichokuwa chetu.

Aliyeiokoa sizoni, kwangu mimi, ni T-Bag. Sijui nilifikaje mahali pa kuandika sentensi hiyo, maana huyu ni muuaji na mbakaji, tamthilia haijawahi kuficha. Robert Knepper anamwigiza kwa ile sauti ya sukari iliyochacha. Anapewa mkono mpya wa kisasa, hajui nani kalipia. Baadaye anaambiwa Whip, kijana aliyetoroka na Michael kutoka Ogygia, ni mtoto wake wa kuzaa. T-Bag anamwangalia Whip kama mtu aliyeokota noti njiani na anaogopa kuinama isije ikawa ya mtego. Wanapata muda mfupi. Kisha kijana anapigwa risasi, na T-Bag, kwa mkono ule aliozawadiwa, anamvunja shingo mwanamke aliyefyatua. Tukio linalofuata yuko Fox River tena. Yeye hakufufuliwa mtu wake. Mwishoni Jacob anatiwa seli hiyohiyo, mlango unafungwa, T-Bag anainuka kitandani, na sisi tunabaki nje tukisikia kelele. Familia ya Scofield iko bustanini, jua, nyasi, mtoto anacheza. Nilitazama bustani ile kama mtu anayetazama tangazo la bima.

Sizoni ya sita ilizungumzwa sana. Novemba 2020 Miller akaandika kwamba hatakuwa Michael tena. Yeye ni mpenzi wa jinsia moja, alishalisema hadharani mwaka 2013, na hakutaka tena kuigiza wahusika wasiokuwa hivyo. Hadithi zao, alisema, zimeshasimuliwa. Purcell akamuunga mkono. Mashabiki wengine walinuna. Mimi niliona kwamba safari hii Michael ameondoka mwenyewe, mchana, bila umeme.

Desemba ya 2017 nilikwenda Tanga na flash mfukoni. Kibanda hakipo, Mjomba ana fremu ya kuuza vocha na kuchaji simu, ile deki iko juu ya kabati imefunikwa kitambaa kilichodariziwa. Tukaziangalia zote tisa kwenye kompyuta yangu kwa siku tatu, yeye akitafsiri kwa mazoea ingawa tulikuwa wawili tu. Michael alipotokea kwenye wavu alipiga paja. "Si nilisema! Steringi hafi! Yule fundi yuko wapi?" Fundi alikuwa ameshahamia Handeni.

Jioni ya tatu, maandishi ya mwisho yakipanda, Mjomba alikaa kimya akikuna kidevu.

"Na yule askari mnene," akasema. "Wa kwenye bomba. Hajarudi?"

"Bellick? Hajarudi."

"Wamemwacha kabisa?"

"Kabisa, Mjomba."

Akatikisa kichwa taratibu, akanyoosha mkono akachomoa waya wa kompyuta, maana kulikuwa na mteja mlangoni na simu yake iko asilimia mbili.

"Afadhali," akasema.